Tumbo Limepungua, Je, Sahani?

Ndugu msomaji, bila shaka nawe umewahi kuketi mkekani siku ya shughuli, ukapakuliwa wali wa nazi, na kabla hujamaliza mwenye nyumba akaongeza upawa mwingine huku akikuuliza, "Mbona huli mwanangu, chakula changu hukukipenda?" Kwetu Bagamoyo, na katika pwani yote hii mpaka Dar es Salaam, kumshibisha mtu ni kumheshimu. Leo nataka kukusimulia jinsi heshima hiyo ilivyokaribia kuniharibia tiba niliyoipata kwa gharama na maumivu.

Nilikuwa na uzito wa kilo 128. Kutoka nyumbani kwetu Dunda mpaka soko la samaki si mwendo wa kujisifia, lakini mimi nilipumzika njiani mara mbili. Nilikuwa na kisukari, shinikizo la damu, na magoti yasiyotaka kunibeba. Nilikwisha jaribu kujinyima chakula mara nyingi. Kila nilipopungua, uzito ulirudi na nyongeza. Ndipo daktari mmoja aliponishauri nifanyiwe upasuaji.

Yafaa nikueleze tiba hii, maana wengi huisikia kwa uvumi tu. Upasuaji uko wa namna mbili kubwa. Katika namna ya kwanza, ambayo ndiyo niliyofanyiwa, daktari huondoa kiasi cha robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki jembamba mfano wa ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hasa hutoa kichocheo cha njaa, kwa hiyo hamu ya kula nayo hupungua. Katika namna ya pili, iliyoanza Marekani mwaka 1966, hutengenezwa kifuko kidogo cha tumbo kikaunganishwa na utumbo, chakula kikapita njia ya mkato. Liko pia puto, ambalo si upasuaji: hupitishwa mdomoni, hujazwa maji tumboni, na huondolewa baada ya miezi kadhaa. Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilianza kutoa huduma ya puto mwishoni mwa mwaka 2022.

Tiba hizi si za urembo. Ni za mtu ambaye uzito umekwisha kuwa maradhi, na daktari ndiye apimaye na kuamua.

Katika mwaka wa kwanza nilipungua kilo 43. Kisukari kilitulia, nami nikaacha kupumzika njiani. Lakini hapo ndipo maneno yalipoanza. Huku kwetu mtu akikonda huulizwa maswali mawili: anaumwa nini, au ameudhiwa na nani? Mama yangu, alipoona nashiba kwa matonge matatu, alikuwa akigeuza uso asinionyeshe machozi. Basi akaanza kunitengenezea vile nilivyoweza kuvimeza: chai ya maziwa iliyokolea sukari, sharubati ya embe, uji mtamu, kipande cha kashata baada ya kahawa. Mimi nikavipokea, maana sikuwa na moyo wa kumkataza.

Ndugu msomaji, tumbo dogo huzuia sahani ya biriani, lakini halizuii kikombe. Vitu laini na vya majimaji hupita upesi, wala havishibishi. Haba na haba hujaza kibaba: katika mwaka wa pili zilirudi kilo 11. Juu ya hayo niliacha vidonge vya vitamini, nikidhani nimepona. Nywele zikapukutika, damu ikapungua, na kliniki sikwenda kwa aibu.

Siku niliporudi, daktari hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Nyumbani kwenu nani hupakua?"

Wiki iliyofuata nilikwenda pamoja na mama na mume wangu. Mtaalamu wa lishe akatueleza sote: nianze na samaki, mayai, dagaa au maharage, kisha mboga, na wali uwe wa mwisho, nitafune polepole, nisinywe wakati wa kula, bali ningoje nusu saa baada yake, vitamini na madini, hasa B12, chuma, chokaa na vitamini D, ni vya maisha yote, pamoja na kupimwa damu kila mwaka. Mwanamke naye hushauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji.

Alitueleza pia kwamba uzito kurudi kidogo si ajabu. Nchini Sweden, ambako watafiti walianza kuwafuatilia wagonjwa mwaka 1987, waliofanyiwa upasuaji ule wa njia ya mkato walipungua kiasi cha asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza na wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Kosa langu halikuwa kuongezeka, bali kujificha.

Njiani mama hakusema kitu mpaka tulipofika Mapinga. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nilikuwa nakulisha maradhi?" Nikamjibu, "Hapana mama, ulikuwa unanipenda, nami sikukwambia." Kesho yake alinipakulia kipande cha changu katika kisahani cha chai, akaketi kando yangu mpaka nikamaliza, wala hakuongeza. Birika la nyumba nzima sasa halitiwi sukari. Atakaye hujitilia mwenyewe. Alfajiri hutembea nami njia ya Kaole mpaka pale anapochoka, nami huendelea. Kilo 7 kati ya zile 11 zimekwisha kuondoka.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko aliyepata tiba hii, usimwulize mbona amekonda, wala usimwongeze upawa. Mwulize daktari wake alimwambia nini, kisha kaa naye mle pamoja.