Majabali ya Mwanangu

Kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa nimeifungia kabatini kompyuta ya mwanangu wa pili. Matokeo yake ya muhula yalikuwa yameshuka, nami sikuuliza zaidi. Michezo, nilisema, nikageuza ufunguo. Mama yake alinitazama asiseme neno. Wenye ndoa za miaka mingi wanajua uzito wa ukimya huo.

Siku niliyoitoa ilikuwa kwa haja yangu mwenyewe, kuandika makadirio ya ujenzi. Ndani yake nikakuta mamia ya picha ndogo ndogo za mawe. Nilipomwita alikuja amejikunyata, akidhani kuna kosa jipya.

“Haya ni nini?”

“Ni magenge, baba. Ya mchezo ninaoutengeneza.”

Anautengeneza! Mimi nilijua anacheza tu.

Akanieleza kwamba picha za michezo ya aina hiyo hujengwa kwa vigae vya mraba. Kigae chake kina pikseli 16 kwa 16, yaani nukta 256, na kila moja huchaguliwa rangi yake kwa mkono. Kisha kigae hicho hurudiwa hadi genge zima lisimame. Desturi hiyo ilizaliwa na ufinyu wa kumbukumbu za mashine. Ile ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 ilichora kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, na katika mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985, mawingu na vichaka ni umbo lile lile lililobadilishwa rangi. Nilicheka. Fundi aliyepungukiwa na matofali naye ana hila zake.

Lakini magenge ya mwanangu hayakuwa mawe, naye alilijua hilo. “Yanafanana na mkeka,” alisema. Kila kigae alikijaza vijiwe vya duara vya ukubwa mmoja, kila kijiwe kimezungushiwa mstari mweusi. Vikipangwa pamoja, jicho liliona miraba, halikuona mlima.

Mimi ni mwashi, mzaliwa wa Mwanza, na kabla ya kushika mwiko nilivunja mawe ya itale kwa nyundo. Baada ya sala ya alasiri tulikwenda ufukweni, panapoonekana Jabali la Bismarck, tukakaa hadi jua likateremka. Nilimwambia asianze na nyufa. Atazame kwanza upande upi unapokea jua na upi umelipa mgongo, kwani jabali kubwa lina nyuso tatu au nne tu, na yaliyobaki ni makwaruzo. Ufa haulizunguki jiwe kama kamba. Huanza penye udhaifu, hupita, kisha hufifia. Yeye naye akanionyesha nisiloliona kwa miaka yote ile: kivuli cha jiwe si cheusi, kina ubuluu ndani yake, na upande wa jua una umanjano.

Usiku ule alifuta mistari yote myeusi, akabakiza rangi tano. Alichora nyuso kubwa zinazovuka mpaka wa kigae, na ufa unaotokea ukingo wa kulia akauingiza kushoto kwa kimo kile kile, ili kiungo kisionekane. Ufa mmoja mzuri sana ulimponza: uliporudiwa mara ishirini ukawa kama muhuri wa ofisi. Akatengeneza vigae vitatu vinavyotofautiana kidogo, na ule ufa wake akauweka mahali pamoja tu. Juu alining'iniza majani yasiyolingana urefu. Chini akatia giza na vipande vilivyoanguka.

Kisha akanionyesha genge zima. Nikaweka kidole kwenye kioo, mahali ambapo ningepiga nyundo ili lipasuke. Akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu siku ya kabati.

Alama zake za hisabati bado si za kujivunia. Tumekubaliana kwamba kompyuta ikae sebuleni na ifunguliwe baada ya masomo. Lakini mama yake aliniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini miezi mitatu ilipita bila mimi kumwuliza kijana swali hata moja. Sikuwa na jibu. Nilikwenda chumbani kwake nikamwomba radhi, naye akainamisha kichwa kwa haya.

Jana ameniuliza maji yanayotiririka juu ya jiwe huliacha na doa la namna gani. Jumapili tutarudi ziwani kutazama.