Nguzo na Diplomasia

Siku niliyoitwa kwenye usaili nilivaa shati la mjomba na viatu vya jirani. Nilitaka kazi ya ubalozi. Wazee watatu wakafungua faili langu, wakaona cheti cha ufundi umeme, wakatazamana. Mmoja akauliza, "Kijana, nguzo na diplomasia wapi na wapi?" Wakacheka. Nami, ndugu msomaji, nikacheka pamoja nao. Kicheko changu ndicho kinachoniuma mpaka leo, si kazi niliyoikosa.

Nyumbani mjomba akauliza, "Vipi, wamekupa?"

"Bado, mjomba. Wataniita."

Uongo mtupu.

Miezi ikapita. Siku moja, katika kitabu chakavu nilichonunua barabarani, nikakutana na Mjapani mmoja, Saburo Okita. Alizaliwa mwaka 1914 mjini Dalian, China, wakati huo ukitawaliwa na Wajapani. Akaja kusoma chuo kikuu Tokyo. Alisomea nini? Umeme! Nilisoma sentensi ile mara tatu pale kituoni, daladala ikaniacha.

Tarehe 15 Agosti 1945 mfalme wa Japani alitangaza kwamba wameshindwa vita. Miji ilikuwa majivu. Tarehe 16, Okita na wenzake wakakaa kikao: nchi hii itajengwaje upya? Kesho yake tu! Kikao walikipanga kabla vita havijaisha.

Baadaye akawa miongoni mwa waliotayarisha mpango wa 1960 wa kuongeza pato la taifa maradufu kwa miaka 10. Lengo likafikiwa kabla ya muda. Mapema mwaka 1979 China, iliyokuwa inafungua milango ya uchumi wake, ikamwita akaeleze Japani ilipandaje. Novemba mwaka huohuo akawa Waziri wa Mambo ya Nje.

Usidhani ilikuwa mteremko. Mwezi uliofuata, Wamarekani wakiwa mateka Tehran, Cyrus Vance, waziri mwenzake wa Marekani, alimkemea huko Paris kwa kuwa makampuni ya Japani yalikuwa yananunua mafuta ya Iran. Fikiria: viwanda vya kwenu vinadai mafuta, na rafiki yenu mkubwa anafoka. Hapo mimi fundi nilimwelewa kabisa. Kabla hujakata waya, ujue kwanza unapeleka umeme wapi.

Uwaziri wake haukudumu hata mwaka. Julai 1980 akatoka. Aliendelea kuzishauri nchi za Asia mambo ya uchumi, mpaka alipofariki mwaka 1993.

Mimi si Okita, najua. Bado napanda nguzo, na mikono yangu ina sugu. Lakini jana jioni nilimwambia mjomba ukweli wote, kuanzia swali la yule mzee mpaka kicheko. Alikuwa anamenya muhogo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema bila kuniangalia, "Sasa wewe ulicheka nini?"

Sikuwa na jibu. Usiku nikawasha taa, nikachukua karatasi, nikaanza kuandika haya.