Tusizitupe Kanda

Wahariri wa kitabu chetu hiki wamenitaka niandike machache juu ya kazi ninayoifanya tangu nistaafu ualimu, nayo ni kuzihamisha kanda za video na vipindi vya televisheni kutoka makabatini mwetu na kuvitia katika kompyuta, ili kila nyumba iweze kuvitazama kwa seva yake yenyewe. Wako wanaoiona kazi hii kuwa ni mchezo wa mzee aliyekosa shughuli. Napenda kueleza kwa nini si mchezo.

Kwanza, wakati umetubana. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ya rangi, miaka ishirini hivi kabla ya Bara kupata yao. Mashine za video zilipoenea majumbani katika miaka ya 1980, jamaa zetu walirekodi taarab, Maulidi na michezo ya kuigiza, wakatuletea kanda kila aliposafiri mtu. Kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikitengeneza mashine hizo, Funai cha Japani, kiliacha mwaka 2016. Zilizobaki zinachakaa. Na kanda yenyewe, ambayo ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, hufifia na huota ukungu penye unyevu, na nyumba za Uingereza unyevu hazikosi. Mzee akifariki, watoto husafisha nyumba, na kanda zikaenda jaani.

Kazi huanza kwa kuicheza kanda tangu mwanzo hadi mwisho. Njia ya mkato hakuna. Kanda ya saa tatu hutaka saa tatu. Kanda za Zanzibar, Uingereza na Omani ni za mtindo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Zile walizotuletea jamaa wa Marekani ni za NTSC, mistari 525 na picha karibu 30, kwa hiyo hapana budi mashine ijue kuzisoma zote mbili. Picha za namna hii huja kwa zamu, kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa. Televisheni za kale hazikuona taabu, lakini kwenye kioo cha leo mkono wa mpiga fidla hutoka meno kama kitana. Programu ya kubadilishia lazima iamrishwe kuirekebisha mistari hiyo, na bora, kwa kanda za PAL, itoe picha 50 kwa sekunde ili mwendo usikatike.

Nakala ya kwanza, ninayoiita asili, huiacha kubwa. Kwa mtindo wa DV, saa moja hula gigabaiti 13 hivi. Kutokana nayo hutoa nakala ndogo ya kutazamia, kwa mtindo wa H.264, isiyozidi gigabaiti moja kwa saa. Vipindi vya siku hizi tunavyovinasa hewani vimekwisha kuwa vya dijitali. Hivyo, kama seva inavisoma, huvihamishia katika faili la MKV tu na picha siigusi, maana kila kubana upya hupunguza kitu kisichorudi.

Mpwa wangu, aliye hodari wa kompyuta kuliko mimi, hakukubaliana nami. Aliniambia, "Mjomba, asili za nini? Zibane zote kwa H.265, kata matangazo, zilizobaki zifute. Diski ni pesa."

Hoja yake si ya kipuuzi. H.265, iliyotoka mwaka 2013, huweza kufikia nusu ya ukubwa wa H.264 kwa picha ya ubora uleule. Lakini sisi tuliosoma chuoni tunajua vitabu vilivyokuwa vikinakiliwa: nakala ilisomwa mbele ya asili, na aliyenakili kutoka nakala ya mwenziwe alirithi makosa yake yote. Kesho utakuja mtindo mwingine. Tukiwa na asili tutanakili tena. Tusipokuwa nayo, tutakibana kilichokwisha kubanwa.

Ama juu ya matangazo, jambo moja lilimaliza ubishi. Katika kanda moja, baina ya nyimbo mbili za taarab, mtangazaji anasoma taarifa za vifo. Bibi mmoja wa hapa kwetu alikuja kusikiliza nyimbo. Akasikia likisomwa jina la baba yake, na mahali pa maziko, na majina ya watoto wa marehemu, na lake limo, "aliyeko Uingereza". Habari ya msiba ule ilimfikia kwa barua, wiki nyingi baadaye, na kwenda kuzika hakuwahi. Alitaka turejeshe nyuma mara tatu, kisha akatuombea dua. Mpwa wangu alikuwapo, na tangu siku ile hakutaja tena kukata.

Lililobaki ni mpangilio, na hapa ualimu umenifaa. Seva hizi, kama vile Jellyfin, ambayo ni ya bure, huongozwa na jina la faili. Tamthilia hupewa folda yake, ndani yake folda ya msimu, na kila faili huandikwa msimu na sehemu, mfano S01E03. Seva huenda ikatafuta maelezo yake katika intaneti. Vyetu aghalabu havimo huko. Basi huvitia katika maktaba ya peke yake, na jina huanza kwa mwaka, mwezi, kisha siku, ili vijipange vyenyewe. Kando huandika faili dogo la maneno: nani alirekodi, wapi, kanda ilifikaje hapa, na nani wanaonekana. Habari isiyo na isnadi haina uzito, na kanda iliyoandikwa "Taarab 4" ni kama mtoto aliyekaa darasani bila ya jina katika daftari.

Mwisho, diski hufa bila ya kuaga. Kwa hiyo nakala ziwe tatu, na mojawapo ikae nyumba nyingine.

Basi mwenye kanda asizitupe. Azilete, na aje mwenyewe akae nami kidogo anitajie nyuso, kwani wanaozijua wamebaki wachache. Wabillahi tawfiq.