Ubongo wangu si shahidi wako

Wasee, leo tuongee kuhusu mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo ndio ijulikane kama unadanganya. Niliacha chuo mwaka wa pili lakini kusoma sikuacha, na hii maneno inatuhusu.

Daktari Mjerumani, Hans Berger, ndiye alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu mara ya kwanza, 1924. Unavalishwa kofia ya waya, inanasa umeme mdogo wa kichwa. 1965 watafiti wakaripoti alama inaitwa P300: ukiona kitu chenye maana kwako katikati ya vitu vingine, ubongo unaruka baada ya kama milisekunde 300. Hujafungua hata mdomo. Kwa hivyo polisi wakikuonyesha picha ya mahali pa uhalifu na ubongo uruke, wanasema, "Huyu anajua."

Sasa hapo ndio kuna noma. Kujua si kuiba. Duka la hapa Fedha likivunjwa, ukinionyesha picha yake ubongo wangu utaruka, kwa sababu nanunua mkate hapo kila asubuhi.

India walijaribu. 2008 kule Pune, jaji alimfunga mwanamke maisha kwa kesi ya sumu, na kipimo cha ubongo kilikuwa sehemu ya ushahidi. 2010 Mahakama ya Juu ya India ikasema hakuna kumlazimisha mtu kupimwa hivyo.

Huku kwetu tuko na ndugu yake mkubwa, poligrafu. Siku ya Madaraka 2018, Uhuru aliagiza wakuu wa ununuzi na uhasibu serikalini wachunguzwe upya, pamoja na kupimwa na hiyo mashine. Inapima presha, pumzi na jasho. Kwa ufupi, inapima woga.

Na nani haogopi? Jirani yangu alikuwa anabeba mzigo kwa godauni Industrial Area. Mali ikapotea, vijana wa mzigo wote wakafungwa waya. Wenye funguo za godauni hawakuguswa. Yeye alikuwa na deni la nyumba miezi miwili na mtoto mgonjwa, unadhani moyo wake ungetulia? Akaambiwa "amefeli", asirudi Jumatatu. Hakuna barua, hakuna polisi, hakuna kesi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza. Kifungu cha 50 kinamruhusu mshtakiwa kukataa kujitia hatiani. Lakini kazini, ukikataa mashine unaitwa mwizi. Mshukiwa wa mauaji ako na haki ya kunyamaza kuliko kijana wa kubeba magunia. Manze, hiyo ni sawa kweli?

Kama poligrafu inafanya hivi, hiyo kofia ya ubongo ikifika itaanza na nani? Si wakubwa. Itaanza na sisi.

Kwa hivyo ukiletewa fomu ya "nimekubali kupimwa", uliza kwanza: bosi pia anapimwa? Nani atasoma majibu? Nikifeli, ushahidi mwingine uko wapi? Wakikosa majibu, usiweke sahihi haraka.