Hesabu za Berlin na unga wa kambini
Mwezi wa Agosti 2019, wataalamu wa hesabu walikutana Berlin, Ujerumani, katika mkutano wa ICCOPT, unaofanyika kila miaka mitatu tangu 2004. Kazi yao ni kutafuta mgao ulio bora pale vitu ni vichache, kwa vipimo vya kugawanyika hadi gramu.

Mama aliyekimbia vita anaijua hesabu hiyo bila ubao: unga kiasi gani leo, maharagwe kiasi gani, ili watoto sita wafike mwisho wa mwezi. PAM nayo hutumia hesabu za aina hiyo kupanga chakula cha msaada na njia za kukifikisha.

Lakini hesabu hufuata majina. Asiye kwenye orodha ni sifuri. Ndiyo maana waandikishaji wakipita, mama huyo huwataja watoto wote, mmoja mmoja, na haondoki mpaka wote sita wameandikwa.