Mji Unaokuambia Nani Kakuchungulia

Tallinn, mji mkuu wa Estonia, uko ukingoni mwa Bahari ya Baltiki, saa mbili kwa meli kutoka Helsinki. Mji wake wa kale una ukuta wa mawe na minara ya mapaa mekundu, na juu ya kilima cha Toompea, ndani ya ngome, lipo jengo la bunge lenye rangi ya waridi. Mtu wa Mombasa hapati tabu katika vichochoro vile: vyembamba, vya mapindi, na mwishowe vinakutoa kwenye uwanja mpana. Anachokikosa ni sauti. Watu hupishana bila salamu, wala hawana ugomvi. Nje ya ukuta, kwenye mitaa ya magorofa ya enzi za Kisovieti, vigari vyeupe vya magurudumu sita hujiendesha vyenyewe kando ya barabara vikipeleka chakula majumbani. Vikifika kwenye kivuko husimama hadi magari yapite. Watoto wa shule hawageuzi hata shingo.

Nchi nzima ina watu kama milioni 1.3, karibu sawa na kaunti ya Mombasa peke yake. Hata hivyo kampuni ya teksi ya Bolt, tunayoiita kila siku pale Nyali, ilizaliwa hapa mwaka 2013.

Lililonivutia zaidi kuliko vigari ni kadi. Tangu 2002 wakazi hupewa kitambulisho chenye chipu na namba mbili za siri: ya kwanza huthibitisha kwamba ni wewe, ya pili ni sahihi yako, na kisheria ina uzito uleule wa kalamu. Kwa kadi hiyo mtu hulipa kodi, husajili kampuni, hupata dawa aliyoandikiwa na daktari. Na serikali haikurundika habari za watu katika ghala moja. Kila idara hukaa na zake, na idara moja ikitaka jambo kwa nyingine huuliza kupitia mfumo uitwao X-Road, ulioanza kazi mwaka 2001. Kila swali huacha alama.

Alama hizo nilionyeshwa na mwalimu mstaafu aliyenikaribisha chai kwake, pamoja na mkate mweusi na vidagaa vilivyolowekwa kwa viungo. Alisogeza sahani, akachomeka kadi kwenye kisomeo kidogo kando ya kompyuta, akaandika namba yake ya siri. Ukatokea ukurasa mkavu usio na pambo: tarehe, saa, jina la ofisi, sababu ya kutazama. Zahanati ilikuwa imemtazama. Duka la dawa pia. Mstari mmoja hakuuelewa, akanionyesha mahali pa kuuliza, kwani ofisi iliyokutazama ina wajibu wa kukujibu. Wapo askari polisi na wahudumu wa afya waliokwisha kuadhibiwa kwa kufungua mambo ya watu yasiyowahusu. Alilieleza hili kwa utulivu wa mtu anayeeleza ratiba ya basi.

Kwa nini wajali hivi? Jibu nililipata katika Hoteli Viru, iliyofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya wageni wa nje. Lifti ilionyesha ghorofa 22. Ya 23 hufikiwa kwa ngazi, na mlangoni paliandikwa kwa Kirusi kwamba humu hamna kitu. Humo ndimo majasusi wa Kisovieti, KGB, walimokuwa wakiwasikiliza wageni. Leo ni makumbusho: mitambo iliyong'olewa waya, simu isiyo na sehemu ya kubonyezea namba. Watu waliosikilizwa na mlango unaodai kwamba nyuma yake hamna kitu, walipopata uhuru mwaka 1991, walikuwa na sababu ya kutaka kila mlango useme nani kaingia.

Nikakumbuka kwetu. Ukitaka kupanda ofisini Nairobi au Mombasa, askari wa getini hukuambia, "Kitambulisho, mzee," kisha hukusukumia daftari kubwa la mistari. Kalamu imefungwa kwa uzi. Unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saa ya kuingia. Juu ya mstari wako wapo watu thelathini waliokutangulia, wote wako wazi, nawe uko wazi kwa atakayefuata. Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019, lakini daftari halijui habari hiyo. Juni 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa alipofungua njia ya mtu kujikagua kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mimi nashuku majina yalitolewa kwenye madaftari kama hayo ya getini. Ila nalishika zaidi hili: hasira ile ilizuka kwa sababu, mara moja, raia aliruhusiwa kuchungulia upande wa pili.

Kura ni habari nyingine. Estonia ilianza kupigia kura kwenye intaneti mwaka 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa Machi 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa hivyo. Anayeshinikizwa na bosi au mume anaweza kurudia baadaye, maana ya mwisho ndiyo huhesabiwa, na ya karatasi hushinda zote. Ni ubunifu wa kupendeza, nami sitaki uletwe Kenya. Sisi tulipoambiwa tuiamini mashine, mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliagiza sava zifunguliwe, zikafichwa, na uchaguzi wa urais ukafutwa. Mwaka 2022 kilichotupoza ni karatasi: Fomu 34A za matokeo ya vituo zaidi ya elfu 46 ziliwekwa hadharani, na mtu akiwa kwake Kisauni aliweza kujumlisha mwenyewe. Kule Tallinn kwenyewe chama cha EKRE hakiuamini mfumo huu na kimekwenda mahakamani.

Aliyenipeleka bandarini alikuwa dereva wa Bolt, mzee anayezungumza Kirusi, mzaliwa wa palepale. Pasipoti yake ni ya kijivu: hana uraia wa nchi yoyote, kama makumi ya maelfu ya wenzake waliobaki hivyo Muungano wa Kisovieti ulipovunjika. Ana kadi ileile ya chipu. Hulipa kodi kwa simu, hupata dawa kwa urahisi uleule. Lakini bunge hajawahi kulipigia kura, na Machi 2025 wabunge walibadili katiba, hivi kwamba kura ya baraza la mji ya Oktoba 2025 ndiyo ya mwisho kwa watu kama yeye. Nikamuuliza mbona hachukui uraia. Mtihani wa Kiestonia, akasema, na umri umekwenda.

Nikawafikiria Wamakonde wa Kwale, waliotembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho baada ya kuishi miongo mingi wakiwa hawatambuliki, na Wapemba wa pwani yetu waliosubiri hadi 2023. Hao tuliwanyima hata kadi. Estonia imempa dereva huyu kadi bora kuliko yangu, na ukurasa wa kujua kila ofisi iliyomtazama. Ukurasa huo nautaka Kenya kabla Maisha Namba, kitambulisho chetu kipya cha kidijitali, haijaenea, na nitaudai. Sitaki uje peke yake, kama ulivyomjia yeye.