Wembe wa Mzee

Babangu alinyoa watu Kariobangi miaka mingi kabla mashine za umeme kushika kila kibanda. Alikuwa na kiti kimoja cha mbao, kioo chenye ufa, ndoo ya maji na wembe wa kukunja wenye mpini mweusi. Kwenye chuma chake limechongwa neno Sheffield, mji wa Uingereza uliojulikana kwa visu na nyembe. Vile wembe huo ulifika Eastlands, hata yeye hajui. Aliupata Gikomba, ndani ya rundo la vijiko na uma.

Wasee wengi wa rika langu tunajua aina mbili tu za nyembe. Kuna Nacet, ile nyembamba yenye makali pande mbili, ambayo mathe alikatia nyuzi na shosho akakatia kucha. Halafu kuna ile ya plastiki ya kutupa. Zote zimetokana na wazo moja: mwaka 1904, Mmarekani King C. Gillette alipata hataza ya wembe wenye kishikio na bapa jembamba la kubadilishwa likiisha makali. Kabla ya hapo, mara nyingi mwanamume aliyetaka kidevu safi alishika chuma kilicho wazi mwenyewe, ama akaketi mbele ya mtu kama babangu.

Mwaka jana mzee alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Maneno yake sasa hutoka moja moja, kama matatu kwenye jam ya Outering. Aliporudi nyumbani, kitu cha kwanza alichoomba hakikuwa chakula. Alijigusa shavu kwa mkono wa kushoto, akaelekeza kidole kwenye kabati. Alitaka kunyolewa, na kwa wembe wake.

Lakini hospitalini walikuwa wameshatuambia: anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hivyo mkato mdogo tu unaweza kuvuja muda mrefu. Tumieni mashine. Mzee hakutaka kusikia. Tulibishana siku mbili, mwishowe tukaelewana: yeye atanyolewa kwa mashine, wembe nitautumia kwenye uso wangu, na yeye ndiye atakayenifundisha. Basi akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mimi mbele ya kioo, na darasa linaendelea kwa neno moja moja. Kama na wewe umeachiwa wembe wa kukunja, ama umeununua kwa sababu unakaa fiti kwenye video, haya ndiyo niliyofundishwa.

Neno la kwanza lilikuwa "Makali." Wembe butu ndio hatari, kwa sababu unaukandamiza ili ukate, na ukiukandamiza unakata ngozi. Sisi tunaishi karibu na Light Industries, ambapo cheche za grainda huruka kutwa nzima, na rafiki yangu alishajitolea kuupeleka huko. Mzee alikasirika mpaka akasimama. Grainda hupasha moto makali membamba, na chuma kikipata moto huo hupoteza ugumu wake. Hapo umebaki na kisu cha kupaka siagi. Hata fundi wa kunoa visu kwa baiskeli usimpe. Wembe hunolewa kwenye jiwe laini sana lenye maji, umelazwa bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Kazi hiyo mwachie anayeijua.

Cha kufanya mwenyewe, kila mara kabla ya kunyoa, ni kuupitisha kwenye ukanda wa ngozi. Mgongo wa wembe hutangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze ukiwa bado umelala kwenye mgongo wake, urudi. Ukitanguliza makali utakata ukanda na kuharibu wembe kwa pamoja. Nilifanya zoezi hili wiki nzima kabla ya kuruhusiwa kuleta chuma karibu na uso.

Neno la pili: "Maji." Mtaani maji huja kwa ratiba yake, lakini hauhitaji mtungi mzima. Kikombe cha maji moto na taulo ndogo vinatosha. Lowesha ndevu dakika mbili tatu, kwa sababu unywele mkavu ni mgumu na ulioloa hulainika. Kisha paka povu zito la sabuni ya kunyolea, kwa brashi ama kwa vidole. Likikauka, paka tena. Usinyoe ngozi kavu hata kidogo.

Kabla ya povu, ujue ndevu zako zinaelekea wapi. Pitisha kidole shavuni: upande unaoteleza ndio zinakoelekea, upande unaokwaruza ndio zinakotoka. Zangu za shingoni zinaenda kando, na singejua bila kuguswaguswa na mzee kama embe sokoni.

Halafu unalaza wembe. Si bapa kabisa, wala haujasimama; ni kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi. Ukiusimamisha sana, unachimba. Anza na shavu, karibu na sikio, mahali palipo sawa. Vuta kidogo kwa kidogo, sentimita mbili ama tatu, uzito wa wembe wenyewe ufanye kazi. Usiuburute kando kwa kando hata mara moja, kwa sababu hivyo ndivyo mtu anavyokata nyanya. Wiki za kwanza nilinyoa mashavu tu, kidevu na shingo nikamalizia na wembe wa plastiki. Na ukiteleza mkononi, uache uanguke. Usijaribu kuudaka.

Kwenye kuvuta ngozi, mimi na mzee tulikosana. Yeye alifundishwa kuikaza kama ngoma na kupita mara mbili, mara ya pili kinyume cha ndevu, mpaka shavu liwe kama la mtoto. Kwa nywele za kipilipili, hiyo ni shida. Unywele ukikatwa huku ngozi imekazwa sana, ncha yake hurudi chini ya ngozi, na kwa vile umejikunja, unapoota unachoma ngozi kutoka ndani. Ndiyo vile vipele vya shingoni tunavyovijua wote, na kwa wengine vinaacha makovu yanayovimba. Mimi nilisisitiza: kaza kiasi cha kunyoosha mikunjo tu, pita mara moja, fuata zinakoelekea, na ukubali kubaki na unyoya kidogo. "Wateja walitaka laini," akasema. Sentensi nzima, ya kwanza baada ya wiki nyingi. Baada ya mwezi alinigusa shingo, akatafuta vipele, akakosa. Hakusema kitu. Kama tayari una vipele vibichi ama makovu, weka wembe chini kwanza, uonane na daktari wa ngozi.

Ukimaliza, osha kwa maji baridi, kisha pitisha kipande cha shabu. Inauma kidogo lakini inafunga mikato midogo. Wembe ufute, uukaushe kabisa, upake tone la mafuta ya cherehani, kisha uuweke mahali ambapo watoto hawafiki.

La mwisho mzee alilisema kwa kutikisa kidole: "Wako. Peke yako." Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na kufikia 1999 serikali ilitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Katikati ya miaka hiyo, mzee aliona wateja wake wakiacha kuketi. Wengine walikuja na Nacet mfukoni, wengine wakahamia kwa mashine, na wembe wa Sheffield ukaingia kabatini. Hajawahi kuwalaumu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza, na kufuta wembe kwa kitambaa hakuviui. Kwa hivyo wa kukunja ni wa mtu mmoja. Ukienda kinyozi na anataka kukupiga laini kwa wembe, mwambie afungue mpya ukiona. Hiyo si dharau, na kinyozi anayeijua kazi yake atafungua kabla hujaitisha.

Siku hizi Jumamosi ni siku yetu. Namnyoa mzee kwa mashine, namwekea taulo moto usoni hata kama mashine haihitaji taulo, na anafumba macho kama mteja aliyelipa. Kisha tunabadilishana viti. Mashavu amenipitisha, shingo amenipitisha, kidevu ananisimamia akikunja uso. Juu ya mdomo bado hajaniruhusu.